Soksi Nyeusi Siku ya Kutawadhana Miguu

Sauti ninayoikumbuka vizuri ni ya maji yakimiminwa kwenye mabeseni. Si beseni moja. Mabeseni zaidi ya thelathini, ya plastiki, yamepangwa mistari kwenye sakafu ya mbao ya ukumbi wa michezo wa shule, watu wanazunguka na majagi wakiyajaza, chwaaa huku, chwaaa kule. Mistari ya mpira wa kikapu ilikuwa bado inaonekana katikati ya mabeseni, ya njano na ya bluu. Juu, kamba za kupandia zilikuwa zimekunjwa zisiwagonge watu vichwani. Na mimi, mtoto wa miaka tisa, nimesimama nimeukumbatia mkoba wa mama kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu kaja kuuiba.

Juzi nilikuwa kazini, kwa bibi mmoja ninayemhudumia nyumbani kwake, nataka kumwekea maji ya kuogea miguu. Nikafungua bomba la bafuni, maji yakaanza kulia kwenye beseni, mara nikajikuta nimesimama tu. Bibi akaniuliza kwa Kiswidi kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu. Akasema, kizuri au kibaya? Nikafunga bomba kwanza. Ndiyo maana leo nimekaa kuandika, hasa kwa ajili yenu wenzangu mliokulia huku, mliokuwa mkiitwa na mama kwa Kiswahili mkaitika kwa Kiswidi, na mnaijua vizuri sura ya mama inavyokuwa dakika hiyo.

Tulikuwa tunakaa Alby, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya sita. Kanisa letu lilikuwa la Jumapili mchana, kwa sababu asubuhi jengo lilikuwa la wenyewe, Waswidi. Wao wakimaliza ibada na kahawa yao, sisi tunaingia, viti bado vina joto la watu. Tukijaa sana tulikuwa arobaini: Watanzania wa kutoka Mara, Wakongo, Wakenya wachache, na mzee mmoja wa Burundi ambaye hakukosa ibada hata moja na hakukosa kusinzia. Mama alizaliwa ndani ya Umennonite, dhehebu la kanisa letu hilo, huko karibu na Musoma. Babu alikuwa shemasi, na bibi inasemekana alikuwa akiimba ng'ombe wanaacha kula majani wanamtazama. Baba yeye alikuwa Mkatoliki wa Krismasi, na Jumapili alikuwa anaendesha basi. Kwa hiyo kanisani tulikuwa mimi na mama. Na Mama Chantal.

Mama Chantal alikuwa mtu wa Lubumbashi. Alikaa Norsborg, mwisho kabisa wa reli, vituo viwili tu kutoka kwetu. Alikuwa mnene, ana mwanya, na vitenge vyake kwenye theluji uliviona tangu mbali, ukajua anakuja na ana jambo la kusema. Yeye na mama walikuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa. Kanisani hatukuwa na kinanda. Tuliimba kwa vinywa tu, sauti nne, kama mama alivyofundishwa kwao. Mama alikuwa sauti ya kwanza, Mama Chantal sauti ya pili, wanasimama bega kwa bega, na wimbo ukipanda sana mama anamshika mwenzake kiwiko, kama mtu anayevuka kwenye barafu. Nilipenda kukaa mbele yao, nigeuke, niwe nakiona kile kiwiko.

Sikuwahi kujiuliza huyo Chantal ni nani. Nilidhani ni jina lake tu, kama mwalimu wangu alivyokuwa na lake.

Sasa, mwaka huo ikatangazwa kwamba mkutano wa kimataifa wa Wamennonite unafanyika Stockholm. Siku nne, watu kutoka kila upande wa dunia. Mama aliposikia hakulala vizuri kwa furaha. Aliomba likizo mapema kabla wenzake kazini hawajazichukua siku. Alikuwa na kazi hii hii ninayoifanya mimi leo, ya kwenda kwa wazee nyumba kwa nyumba, na likizo ya Julai huku watu wanaigombania. Jioni ananisuka huku ananisimulia.

"Babu yako alikuwa akisema, ipo siku tutakula mkate meza moja na ndugu zetu wa dunia nzima. Mimi nilikuwa mdogo kama wewe. Nilidhani anasema mambo ya mbinguni."

"Kumbe?"

"Kumbe ni hapa hapa Stockholm, mwanangu. Tulia, usitingishe kichwa."

Wanawake wa kanisa letu wakapewa kuimba nyimbo mbili, wakaanza mazoezi ya Jumamosi. Na kwenye mazoezi ndipo mambo yalipoharibikia. Mimi nilikuwa kwenye kona nacheza na simu ya mama. Mama Chantal akaniita, "Bhoke, njoo weye, niletee ile karatasi ya nyimbo pale kwa dirisha." Nikajibu bila kuinua kichwa, "Jag orkar inte." Ndicho Kiswidi chetu cha kitoto cha kusema sijisikii, sina nguvu hizo. Nyumbani ningepigwa jicho, yakaisha. Lakini pale kulikuwa na wanawake kama kumi na wawili.

Mama Chantal akageuka. "Mama Bhoke! Huyu mutoto anasema nini? Mutoto wetu kabisa, anamujibu mutu mukubwa vile? Unamulea weye ama anamulea televisheni?"

Wengine wakacheka. Nadhani ni kile kicheko kilichomchoma mama, maana akiwa na Mama Chantal peke yao walikuwa wanatupiana maneno makali kuliko hayo na chai wanakunywa. Mama akaweka kikombe chini. Akasema kwa ile sauti yake ya polepole ambayo mimi niliiogopa kuliko kelele:

"Angalau wa kwangu nalala naye nyumba moja."

Hakuna aliyecheka tena.  Mama Chantal akachukua koti lake, akalivaa bila kufunga vifungo, akatoka. Mlango wa kanisa la Waswidi haujifungi kwa kishindo hata ukiusukuma vipi. Unarudi wenyewe taratibu, unaguna. Sote tulisikiliza ule mguno mpaka ukaisha.

Mimi nilielewa hivi: nimesema Kiswidi, Mama Chantal kakasirika, mama naye kakasirika, basi. Ni mimi. Yale maneno ya mama niliyasikia, lakini sikuona ubaya wake. Mtoto kulala nyumba moja na mama yake, kuna tusi gani hapo? Mimi nilidhani mama amenitetea.

Wiki zikapita. Mama akawa anasimama mwisho wa mstari huku, Mama Chantal mwisho kule, na nyimbo zilikuwa zile zile lakini zinasikika kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Ikaja Jumapili ya Meza ya Bwana. Kwetu, nyie mliokulia makanisa mengine huenda hamjui, mtu akiwa na neno na mwenzake haugusi mkate mpaka wamalizane. Hakuna anayekukataza. Unajikataza mwenyewe. Sahani ya mkate ilipofika mstari wetu, mama aliinama akaanza kunifunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya zipu. Nikamwangalia Mama Chantal kule upande wa pili. Alikuwa amezamisha kichwa kwenye mkoba wake, anatafuta, anatafuta, mpaka sahani ikampita.

Nyumbani mama alikuwa anaichukua simu, anaiangalia, anaiweka.

"Mbona humpigii?"

"Nani?"

"Mama Chantal."

"Kula chakula chako, Bhoke."

Kwa hiyo mkutano ulipofika mimi nilikuwa na shughuli moja tu kichwani. Siku ya tatu, Jumamosi, ratiba ilisema asubuhi kutawadhana miguu, mchana Meza ya Bwana. Ule mkate wa babu. Mama ameusubiri tangu akiwa na umri wangu, na nilijua mambo yakibaki hivi ataniinamia tena kunifunga viatu mbele ya dunia nzima, na itakuwa kwa sababu yangu.

Ngoja kwanza niseme aibu yangu nyingine, ya siku ya kwanza. Mkutano ulikuwa kwenye shule moja upande wa Skärholmen. Mlangoni viatu vilikuwa mamia, maana ukumbi wa michezo haukanyagwi na viatu vya nje: makubazi, buti, raba, vya mkulima wa Kanada kando ya vya mama mchungaji wa Ethiopia, na wageni wanacheka wanavyotembea na soksi kwenye ukumbi wa kanisa. Ndani kulinukia kahawa na mikate ya mdalasini. Basi mimi nilisimama pale mlangoni nimeduwaa, kwa sababu nilikuwa nategemea kuwakuta watu wa Musoma. Wengi sana, lakini wa Musoma. Miaka yote tisa nilikuwa najua Umennonite ni kabila la mama. Kuna Wakurya, kuna Wajita, kuna Wamennonite. Wakongo wa kanisani nilijua ni jirani tu waliozoeana nasi.

Akaja bibi mmoja mwembamba, mweupe, nywele amezifunika kwa kitambaa cheupe kidogo, akamsalimia mama kwa Kiingereza, wakashikana mikono muda mrefu. Mama akaniambia, "Msalimie bibi. Ametoka Paraguay. Ni Mmennonite kama sisi, mama yake Mmennonite, bibi yake Mmennonite."

Nikamwangalia yule bibi vizuri. "Kwao ni Tarime au ni Bunda?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akajishika ukuta, na kilikuwa kicheko cha kwanza tangu mazoezi. Akamtafsiria bibi, bibi naye akacheka akanishika bega, akasema kitu. Mama akafuta macho. "Anasema kwao ni mbele kidogo ya Bunda, ukipita baharini."

Siku mbili zile nilimwona Mama Chantal kila saa na kila mahali. Ukumbi una watu mia ngapi sijui, lakini mtu unayemkwepa hakosekani. Akiingia kwenye foleni ya chakula, mama anakumbuka kitu chooni.

Asubuhi ya Jumamosi jua liliwaka kabla hatujaamka. Mmekulia huku, mnalijua jua la Julai. Nilikuwa nakunywa maziwa, nikamwona mama anavaa soksi. Si soksi za kawaida. Zile ndefu za kufika kiunoni, nyeusi, nzito, za Januari. Anazivuta juu kwa bidii, anahema.

"Mama, utaungua."

"Nasikia baridi."

"Leo si mnaoshana miguu?"

"Bhoke, chana nywele."

Nilikaa nikafikiri, na nikajiona nimepata jibu. Magaga. Mama alikuwa na magaga ya hatari. Siku nzima anapanda ngazi za wazee wa watu, anashuka, anasimama, na kila jioni anakaa ukingoni mwa bafu na lile jiwe lake anasugua visigino, kisha anapaka mafuta ya mgando. Nikasema, ee, anaona aibu. Kina mama wa Paraguay wataona visigino vyake vimepasuka. Roho iliniuma, nikaenda bafuni, nikachukua kopo la mafuta nikalitia kwenye mkoba wake chini kabisa, chini ya Biblia. Nikimkuta mahali pazuri nitampaka haraka, avue, aoshwe, yaishe. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Kwa wasiojua: Bwana Yesu aliwatawadha wanafunzi wake miguu, na Wamennonite wengi bado wanafanya hivyo. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, upande wao ukitengwa na pazia. Mmoja anakaa kitini, mwingine anapiga magoti, anamwosha, anamfuta kwa taulo, kisha wanabadilishana, wanakumbatiana, wanatakiana amani. Hupangiwi mtu. Unamwendea unayemtaka. Na kwao mama, aliniambia zamani, mtu mwenye busara anamwendea kwanza yule ambaye hataki kumwendea.

Maji yakamiminwa, kama nilivyosema. Majagi yakaisha, watu wakaanza kusogea wawili wawili. Mama akaenda kukaa kwenye benchi refu chini ya zile ngazi za mazoezi za ukutani, nyuma kabisa. Akaja yule bibi wa Paraguay, miguu mitupu, myeupe kama maziwa, akamnyoshea mkono. Mama akatabasamu, akaonyesha soksi zake, akatikisa kichwa. Bibi akampigapiga begani, akaenda kwa mwingine.

Ndipo nikamwona Mama Chantal. Alikuwa upande wa pili, chini ya wavu wa kikapu, amekaa, kitenge kimekunjwa magotini, miguu wazi, beseni mbele yake limejaa, na kiti cha mbele yake kitupu. Mama mmoja wa Kihindi akataka kukaa. Mama Chantal akamkataza kwa upole, mkono kifuani. Akaja mwingine. Akamkataza pia. Kisha akatazama kule kwenye benchi letu. Niliyafuata macho yake. Yalishuka kwenye miguu ya mama, yakaziona zile soksi, yakakaa pale, halafu akaanza kukishusha kitenge chake taratibu kufunika miguu.

Sijui nani alinipa ujasiri. Nilivuka ukumbi, nazunguka mabeseni, nimebeba mkoba.

"Shikamoo, Mama Chantal."

"Marahaba." Hakuniangalia.

Nilikuwa nimejizoeza maneno yote kwa Kiswahili, siku nyingi, kitandani. "Nisamehe kwa siku ile. Nilikujibu Kiswidi."

"Siku gani?"

"Ya mazoezi. Mkagombana kwa sababu yangu."

Sasa akaniangalia. "Ni vile unafikiri? Ni Kiswidi?"

"Ndiyo. Na mama si kwamba hataki. Anaona aibu. Ana magaga."

"Ana nini?"

"Visigino vimepasuka. Anapaka mafuta kila siku lakini haviponi. Mafuta ninayo." Nikatoa Biblia, nikatoa leso, nikatoa kopo, nikamwonyesha asije akadhani namdanganya.

Mama Chantal alilitazama lile kopo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani namliza, nikataka kukimbia, kumbe anacheka, bila sauti, mkono mdomoni kwa sababu watu wako kwenye ibada. Halafu katikati ya kucheka machozi yakamtoka kweli.

"Bhoke," akasema, "miguu ya mama yako mimi naijua. Siku ile ulikuwa ndani ya tumbo lake ilivimba kama mikate. Baba yako iko kwa basi. Nani alikuwa anaikanda? Mafuta gani anaona haya na mimi?" Akajifuta na ncha ya kitenge. "Beba taulo."

Akalinyanyua beseni zima. Lilikuwa limejaa, na yeye hakuwa mtu mwepesi. Akavuka nalo ukumbi, maji yanaruka kwenye ile mistari ya njano, watu wanakunja miguu apite, mimi nyuma na taulo. Mama alituona tunakuja. Hakuwa na pa kwenda. Nyuma yake ni ukuta na ngazi.

Beseni likatua mbele yake.

"Mama Bhoke."

"Mama Chantal, mimi leo..."

"Naona. Umevaa soksi."

"Nimevaa soksi."

"Ni nzuri. Leta muguu."

Akapiga magoti, magoti yakalia kama kuni. Akaushika mguu wa mama na soksi yake, akauingiza majini. Povu dogo dogo la hewa likatoka kwenye soksi likapanda juu. Mama Chantal akaanza kuosha, polepole, kama hajaona chochote cha ajabu, anapitisha kidole gumba kwenye unyayo juu ya kile kitambaa cheusi, maji yanageuka kijivu kidogo kwa rangi.

Mama alijitahidi kujikaza kama dakika hivi. Kisha akateleza kutoka kwenye benchi, akajikuta naye yuko magotini sakafuni, mguu mmoja umebaki ndani ya beseni, umepinda vibaya, wamekabiliana uso kwa uso.

"Nilikupiga kwa mtoto wako," mama akasema. "Maneno yote duniani, nikachagua lile."

"Ulinipiga, ee."

"Nilijua pa kuuma. Ndiyo ubaya wake. Nilijua."

"Na mimi nilikupatisha haya mbele ya batu."

"Hilo ni dogo."

"Ni kidogo, lakini ni yangu. Uniachie niibebe."

Mama akamshika kichwa, wakakaa hivyo. Kisha nikasikia mama anauliza, pua imeziba, "Alipiga lini?"

"Jumatano. Jino la mbele limeng'oka. Ananiambia, mama, siku utanipokea, usinicheke."

Mimi nilikuwa bado nimesimama na taulo. Nikauliza, "Nani?"

Wote wawili wakaniangalia kama wamesahau kuwa nipo.

"Chantal," Mama Chantal akasema. "Mutoto wangu. Ana miaka tisa, sawa na weye, nilimuacha na miezi mitatu tu. Iko kwa bibi yake Lubumbashi, tunangojea makaratasi."

 Kumbe kuna Chantal. Kumbe muda wote, kila nilipomwita yule mama, nilikuwa namwita kwa jina la msichana wa umri wangu ambaye yuko mbali na mama yake. Ile siku ya mazoezi nilijibu sijisikii, na mwenzangu huko alikuwa hana wa kumjibu. Leo nikifikiri, naona Mama Chantal hakukasirishwa na Kiswidi. Angetoa chochote ili aitwe, ajibiwe, hata kwa jeuri, hata kwa Kichina, na mtoto wake mwenyewe. Na mama alijua hilo kuliko mtu yeyote Stockholm, na bado lile neno likamtoka. Chantal alikuja, msiwe na wasiwasi, tulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa ndiye anayenisuka, na Kiswidi chake kimenyooka kuliko changu. Lakini siku ile hakukuwa na aliyejua kama atakuja.

Mama alikwenda chooni akazivua zile soksi, akarudi miguu mitupu, magaga hadharani. Mama Chantal aliyatazama, akaninong'oneza, "Hapo nakubali, ni mabaya." Kisha mama akapiga magoti akamwosha mwenzake, akamfuta kila kidole, katikati ya kila kidole, mpaka watu wengine wote walikuwa wamemaliza na wanaimba na wao bado. Yule bibi wa Paraguay alisimama pembeni na jagi, kusubiri kama watahitaji maji mengine.

Mchana sahani ya mkate ilikuja kwenye mstari wetu. Nilikuwa nimeficha miguu yangu chini ya kiti kwa woga, asipate hata soksi ya kunivutia juu. Mama hakuinama. Alichukua, akala amefumba macho. Nikajua yuko na babu.

Jioni Mama Chantal alikuja kwetu Alby. Jua lilikuwa bado juu kabisa, watoto wanapiga mpira nje. Walipika wote wawili, mama dagaa, Mama Chantal sombe, kisamvu cha kwao, ambayo alikuwa ameihifadhi kwenye barafu kwa ajili ya siku maalumu, wanagombana kuhusu chumvi kama zamani, baba anapita anaonja anafukuzwa. Mimi nilifunga mlango wa chumba changu. Nikachana ukurasa katikati ya daftari la hesabu. Sikuwa nimewahi kuandika Kiswahili, shuleni hatukufundishwa, nikawa naandika kama ninavyokisikia. Niliandika hivi:

Chantal. Mimi ni Bhoke. Mama yako yuko kwetu, anakula, ameshiba. Leo amecheka mara nyingi. Mimi pia nimengoka jino, la pembeni. Ukija sitakucheka.

Nikaikunja, nikaizungushia utepe wa gundi pande zote. Stempu sikuwa nayo, nikaichora mwenyewe kwa kalamu ya rangi, taji, na pembeni yake vimeno meno kama stempu za kweli. Juu nikaandika: Chantal, kwa bibi yake, Lubumbashi. Sikutaka kumwuliza mtu anwani, maana ingekuwa si siri tena.

Nikapita nyuma ya migongo yao jikoni. Nikashuka na lifti ghorofa zote sita, mara yangu ya kwanza kushuka bila kutumwa wala kuambiwa niende. Nikatembea mpaka kwenye sanduku la posta la njano karibu na kituo. Tundu lake lilikuwa juu ya kichwa changu. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikaingiza ile barua, ikagoma kwa ule wingi wa gundi, nikaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia yote.